Kufuata Maji ya Lubumbashi: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Nyumba na Mahali pa Historia Kando ya Mto

Mto Lubumbashi si mkubwa. Watu wengi wanauvuka kila siku kwa bisi bila kugeuza kichwa. Lakini mji wa Lubumbashi, katika Katanga kusini mwa Kongo, umekaa hapa kwa sababu yake. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, na mwaka uliofuata Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ikaanza kuyeyusha shaba kando ya maji haya. Mawe ya shaba yalitoka Kalukuluku, machimbo ambayo Wabelgiji waliyaita Étoile du Congo, lakini tanuru halifanyi kazi bila maji mengi. Kwa hiyo mahali pa kiwanda palifuata mto, reli ikaletwa hadi mahali hapo, na nyumba zikafuata reli.

Ukishika hilo, ziara inajipanga yenyewe: makumbusho kwanza, halafu ziwa la manispaa na nyumba za zamani, halafu kiwanda na makambi ya wafanyakazi, mwishoni Kafubu, mto unaopokea maji ya Lubumbashi na kuyapeleka Luapula. Anayeruka na teksi kutoka jengo hadi jengo bila kufuata mpango huo huishia kuona kuta tu. Weka siku moja nzima kwa mji, nusu siku kwa Kafubu, na siku mbili zaidi ukitaka kwenda hadi mto Lufira.

Karatasi kabla ya viatu

Kazi kubwa ya ziara hii inafanyika mezani, siku saba hadi kumi kabla. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa, yenye mambo sita: majina ya wote kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba za vitambulisho hivyo, tarehe na saa, orodha ya mahali mnapotaka kuona, sababu ya ziara, na kama mtapiga picha au hapana. Hilo la picha liandikwe waziwazi, maana ndilo linaloleta maneno mlangoni. Kwa Mkongomani, kadi ya mpiga kura inatosha kama kitambulisho. Mgeni aongeze kopi ya paspoti na ya ukurasa wenye viza.

Kila ofisi ipelekewe barua mbili. Moja inabaki kwao, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe, na hiyo ndiyo utakayotembea nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haina nguvu: aliyeipokea anaweza kuwa likizoni siku unapofika, na zamu (mlinzi) wa mlangoni hana cha kumwonyesha mkubwa wake. Ofisi zenyewe ni Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, kwa eneo la kiwanda cha zamani, uongozi wa Makumbusho ya Taifa, padri mkubwa wa misheni ya Kafubu, na SNEL, shirika la umeme la taifa, kama mtafika kituo cha umeme cha Mwadingusha. Kwa Bunkeya, mji wa kale wa Msiri, barua iende kwa Mwami (mtawala wa jadi) kupitia watu wa chefferie, yaani ofisi yake, na isindikizwe na mtu, siyo kutumwa peke yake.

Kwenye barua andika 8 h 00, usiandike saa mbili. Ofisini wengi wanahesabu saa kwa Kifaransa hata wakizungumza Kiswahili, na tofauti hiyo ya saa sita imeshaharibu miadi mingi.

Pesa: beba franka katika noti ndogo za kutosha kulipia viingilio, peaje (ushuru wa barabara), maegesho na chakula. Dola ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni inakataliwa, na noti za dola moja wengi hawazitaki kabisa. Kila unapolipa kiingilio omba risiti, na uombe kwa upole: "Papa, unisaidie karatasi kidogo, niko na hesabu ya kupeleka." Ukiomba hivyo, hakuna anayejisikia kushtakiwa.

Msimu

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho kipindi cha safari hii. Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli, beba sweta. Septemba na Oktoba joto linapanda, lakini jakaranda zinachanua na barabara za katikati ya mji zinageuka zambarau. Atakayependa picha za nyumba za zamani achague wiki hizo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zinakuja mchana kwa nguvu. Mjini unaweza kutembea kabla ya saa sita, lakini barabara za udongo za Lufira wakati huo zinataka gari la magurudumu manne na dereva anayezijua. Giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa hiyo panga kumaliza kila kitu saa kumi na moja.

Asubuhi: makumbusho

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yalianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, aliyekuwa mchimbuaji wa vitu vya kale. Pita siku moja kabla kuuliza saa za kufungua, kisha uwe mgeni wa kwanza. Toa saa moja na nusu.

Usijaribu kuona kila kitu. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni vyungu na mapambo kutoka makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba. Vinaonyesha kwamba watu wa huku walifua chuma na shaba mamia ya miaka kabla ya Mzungu yeyote kufika. Cha pili ni misalaba midogo ya shaba. Simama mbele yake na utazame kingo: zimeumuka kidogo na uso una vishimo, kwa sababu shaba ya moto ilimiminwa katika kalibu iliyo wazi juu, na hewa ikatoka upande huo. Misalaba hiyo ilitumika kama mali, kulipia mahari na biashara ya mbali. Mtu akishaviona hivyo hawezi tena kuamini kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na kampuni.

Kabla ya kutoka, uliza kama kuna kiongozi anayeweza kuwasindikiza mjini kwa malipo. Ni pesa inayotumika vizuri kuliko zote za safari hii. Kiongozi anajua nyumba ipi imebadilisha mwenyewe, na mlango upi una zamu mkali.

Ziwa na nyumba za zamani

Kutoka makumbusho nenda ziwa la manispaa, upande wa uwanja wa golfu. Ni maji ya mto Lubumbashi yaliyozuiwa. Golfu ni ya klabu, kwa hiyo ombeni ruhusa getini kabla ya kukanyaga majani. Kutoka hapo mnaona vizuri namna mji wa Wazungu ulivyopewa maji, kivuli na upepo, na bomba refu la kiwanda likiwa mbali upande wa chini.

Halafu nyumba. Hapa ndipo wageni wanapita haraka sana, na hapa ndipo penye utajiri. Nyumba za Lubumbashi zinasomeka kama ukijua vizazi vyake vitatu.

Za kwanza, za miaka ya 1910, zilikuwa za bati na mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo ili hewa ipite chini na mchwa wachelewe kupanda. Zimebaki chache mno. Kizazi cha pili, cha miaka ya 1920 na 1930, ni cha matofali ya kuchoma: kuta nene, baraza pana mbele, paa lililosimama juu sana na matundu ya hewa chini ya kenchi. Paa linasimama hivyo kwa sababu hewa ya joto inapanda na kutoka kwenye matundu, na chumba kinabaki na ubaridi. Ukiona mwenye nyumba ameyaziba matundu ili kuzuia popo, angalia dari: mara nyingi imeshaoza. Kizazi cha tatu ni cha miaka ya 1950, wakati shaba ilikuwa ghali na mji una pesa: zege, paa bapa, madirisha marefu na vizuizi vya jua vya zege mbele ya ukuta. Kilele cha mtindo huo ni jengo la tamthilia lililochorwa na Claude Strebelle, lililomalizika mwaka 1956, ambalo leo linaitwa jengo la 30 Juin na ni makao ya bunge la jimbo. Litazame ukiwa upande wa pili wa barabara, na simu ibaki mfukoni.

Sogea kwenye ukuta wa kizazi cha pili. Matofali mengi ya huku yalitengenezwa kwa udongo wa vichuguu, vile vikubwa kama nyumba unavyoviona ukitoka nje ya mji, kwa sababu mchwa wameshauchuja udongo na kuacha ule laini unaoshikana. Ndiyo maana tofali lina wekundu wa usawa na mawe machache ndani. Tazama nusu mita ya chini: mstari mweupe wa chumvi na tofali linalomomonyoka ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka ardhini. Sasa tazama kama mtu amepaka sementi juu yake. Sementi inafungia maji ndani, tofali linaoza nyuma yake, na baada ya misimu michache plasta yote inaanguka kama ganda. Dawa ni kuacha ukuta upumue na kupeleka maji ya paa mbali na msingi.

Nyuma ya kila kiwanja kikubwa kuna boyeri, vyumba vidogo vya waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba. Omba kuiona pia, ikiwa waliomo wanakubali, maana leo familia nzima zinaishi humo. Aliyeona baraza bila boyeri ameona nusu ya kiwanja.

Jinsi ya kuingia: piga hodi, mngoje zamu, msalimie vizuri na umwambie nani unamtafuta. Usimpe pesa kwanza. Pesa iliyotangulia neno inamfanya afikiri una jambo la kuficha. Mama au papa mwenye nyumba akitoka, mwonyeshe barua, sema unataka kuona kuta na baraza tu, dakika ishirini. Wengi wanakubali, na wengi wana hadithi za nyumba. Wakikataa, shukuru na uende.

Katikati ya mji pitieni kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali, la karibu mwaka 1920, na sinagogi la mwaka 1930, lililojengwa wakati Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes walifanya biashara hapa. Kanisani ingieni kati ya misa. Sinagogi linahitaji miadi.

Mchana: kiwanda, mlima mweusi na mto

Kuleni kabla ya saa saba, bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) au samaki, na muoshe mikono kwa sabuni kabla na baada. Sababu ni ya kweli: vumbi la upande wa kiwanda lina metali nzito, na linaingia mwilini zaidi kupitia mikono na chakula. Kila mtu awe na lita mbili za maji ya chupa, viatu vilivyofunika vidole, na barakoa wakati wa kiangazi. Watoto wadogo wabaki nyumbani kwa sehemu hii.

Bomba la moshi lina urefu wa karibu mita 150, na linaonekana kutoka kila kona ya mji. Kando yake ni terili, mlima mweusi wa mabaki ya tanuru yaliyomwagwa hapo kwa miongo mingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabaki hayo yanayeyushwa upya ili kutoa kobalti na shaba iliyobaki ndani, kwa hiyo mlima unapungua. Anayetaka kuuona jinsi ulivyochorwa kwenye picha za zamani asingoje sana.

Bila barua ya kampuni, bakini kwenye barabara ya watu wote. Pamoja na barua, mtapewa kofia na msindikizaji, na mtafuata nyayo zake bila kuchepuka: juu ya terili mabaki yanateleza, na vioo vyake vinakata kiatu chepesi.

Msimame darajani karibu na kiwanda na mtazame mto. Rangi ya udongo wa kingo inabadilika, na majani yanakuwa ya aina chache. Upepo wa kiangazi hapa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka mingi uliangukia kaskazini-magharibi mwa bomba, na ardhi ya huko ilibaki uchi, miti ikafa na mvua zikachukua udongo wa juu. Kuna mimea michache inayovumilia shaba na kuota hapo ambapo mingine inashindwa, kama ua dogo la zambarau ambalo watafutaji wa madini walilitumia kama alama ya shaba chini ya ardhi. Msiguse maji, msinunue samaki wala mboga zilizonyweshwa kutoka sehemu hii ya mto.

Makambi na Kamalondo

Kuanzia mwaka 1928 Union Minière iliacha kutegemea watu wa mikataba mifupi, ikaanza kuwaleta wafanyakazi pamoja na wake zao na kuwajengea makambi. Nyumba za kambi ni ndogo, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na kila mstari ulionekana kutoka ofisi ya mkuu wa kambi. Tembeeni na mtu wa hapo. Wazee wastaafu wa Gécamines wanapenda kueleza, na ni heshima kukaa na kusikiliza kabla ya kuuliza swali la kwanza. Kopo la munkoyo, kinywaji cha kienyeji cha mahindi, mkononi halikatai mazungumzo.

Huku pia ndiko kwenye kumbukumbu nzito ya mji. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Makumi walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Mzee akianza kueleza hilo, zima kamera.

Malizeni Kamalondo, mtaa wa zamani kuliko yote ya Waafrika mjini, uliotengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu wa ardhi. Mwambie dereva uwanja wa TP Mazembe, atakupeleka bila kuuliza. Kutoka hapo tembeeni kwa miguu kuelekea katikati ya mji, ili mpime wenyewe umbali ambao wafanyakazi walitembea kila alfajiri.

Kafubu

Asubuhi inayofuata teremkeni kusini hadi misheni ya Kafubu. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1911, na Kafubu ikawa moja ya vituo vyao vikubwa: kanisa la matofali, shule, karakana na mashamba kando ya mto. Kodini teksi kwa nusu siku na mkubaliane mapema juu ya mafuta, muda wa kungoja na kurudi. Dereva aliyekubaliwa "kwenda" tu atawaacha huko, na kupata gari la kurudi mchana ni tabu.

Kinachofaa kutazamwa si kanisa peke yake. Fuateni mifereji na bustani, muone misheni ilivyojilisha kwa maji ya mto. Siku za juma ni bora kuliko Jumapili, kwa sababu mafundi wako karakana. Jumapili ni ya waamini, na kamera inachokoza.

Hadi Lufira

Wenye siku mbili zaidi wapande barabara ya Likasi, kilometa kama 120 za lami. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori ya shaba hayajajaa, na muwe na franka za peaje tayari mkononi.

Karibu kilometa 50 kutoka Lubumbashi ni Shilatembo, ambapo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Mabaki pekee ya Lumumba, jino moja, yalirudishwa na Ubelgiji Juni 2022, na yalipitishwa hapa kabla ya kuzikwa Kinshasa. Ingieni kama mnavyoingia matangani: sauti chini, kofia mkononi, na picha baada tu ya kumuuliza anayepatunza.

Mashariki mwa Likasi, kwenye Lufira, ni Mwadingusha, kituo cha umeme kilichoanza mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Ukuta wake wa kuzuia maji ndio uliozaa ziwa Tshangalele. Maji yanayozungusha mitambo hayapiti tena kwenye maporomoko ya mto, kwa hiyo anayetaka kuyaona yamejaa aje Machi au Aprili na avumilie matope. Msioge ziwani, kichocho kiko. Shinkolobwe, ilikotoka uranium ya mabomu ya mwaka 1945, imefungwa, na anayejaribu kuingia anakamatwa.

Kaskazini mwa Likasi ni Bunkeya, makao ya Msiri, aliyetoka kwa Wasumbwa wa Tanzania ya leo na kutawala biashara ya shaba na pembe hadi alipouawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tarehe 20 Desemba 1891. Hapa hakuna kutembea kabla ya kujitambulisha. Mtapokelewa na mzee, mtakaa chini mnapoonyeshwa, mtapiga makofi anapopiga msindikizaji wenu, na zawadi itatolewa kwa mikono miwili kupitia kwake. Swali kwa Mwami linapitia kwa mzee huyo huyo, hata kama Mwami anasikia kila neno.

Yanayoharibika zaidi

Simu kunyang'anywa kunaongoza. Kila mara chanzo ni picha ya askari, daraja, stesheni, nyumba ya mkubwa au jengo la serikali iliyopigwa kwa haraka. Ikitokea, usivute simu wala kupandisha sauti. Toa barua yenye muhuri, jitolee kufuta picha mbele yake, na omba kumpigia aliyesaini kuipokea. Mtu mmoja tu wa kundi aongee. Wakiongea watatu, shauri linakuwa la saa mbili.

Linalofuata ni kupanga mengi. Baada ya mahali panne kwa siku, kundi linachoka na kuanza kutazama saa. Likibaki jambo moja la kuacha, acheni kanisa au sinagogi, msiache kambi. Na picha za nyumba za watu, zichapisheni na kuzirudisha kwa wenyewe ndani ya mwezi; mlango huo utafunguka tena kwa kundi lijalo.